Wachawi wasiowanga: Mungu wa kike wa njia panda na wafuasi wake wa leo

Mwite mtu mchawi mbele ya majirani, iwe Eastleigh, Likoni au Nyalenda, uone kitakachokupata. Hakuna tusi zito kulishinda hilo. Mtu akiitwa mwizi anaweza kujitetea na akasikizwa. Akiitwa mchawi, hata watoto wake hutazamwa kwa jicho la pembeni wanapotumwa dukani kununua sukari.

Itakuwaje basi, msomaji mpenzi, ukikutana na mtu anayejiita mchawi kwa hiari yake, tena bila kuona haya? Mtu huyo ana kazi ya ofisini, analipa kodi ya nyumba na watoto wake wako shuleni. Lakini kila mwezi wa angani unapofifia, yeye hufagia nyumba yake, akaandaa sahani ya mayai na vitunguu saumu, na kuipeleka njia panda usiku kwa heshima ya mungu wa kike aliyeabudiwa na Wagiriki zaidi ya miaka 2,500 iliyopita.

Watu wa namna hiyo wapo. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 13,000 waliandika kuwa dini yao ni Wicca, yaani uchawi wa kisasa uliofanywa dini. Wengine wapatao 74,000 walijiandikisha kama Wapagani. Si wote wanaomwabudu mungu huyo wa Kigiriki, aitwaye Hecate, lakini ni nadra kuyasoma maandishi yao bila kukutana na jina lake.

Huenda ukauliza, "Mambo ya Wazungu yananihusu nini mimi?" Yanakuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mwanao aliye chuoni huenda tayari ameyaona kwenye simu yake, maana video za uchawi huo zimejaa tele kwenye intaneti. Pili, neno hilo hilo wanalojivunia huko, hapa kwetu limewapeleka wazee wengi kaburini kabla ya siku zao.

Hecate ni nani?

Wanafunzi waliosoma tamthilia ya Shakespeare iitwayo Macbeth watamkumbuka Hecate kama bibi mkali anayewakaripia wale wachawi watatu. Wataalamu wengi huamini kuwa sehemu hizo ziliongezwa na mwandishi mwingine, Thomas Middleton. Hata hivyo, Hecate wa Wagiriki wa kale hakuwa ajuza wa kutisha.

Mshairi Hesiod, aliyeishi karibu miaka 700 kabla ya Kristo, alimsifu kuliko miungu wengi. Alisema kuwa Zeus, mkuu wa miungu, alimpa Hecate fungu katika ardhi, bahari na mbingu. Ndiye aliyekaa karibu na wafalme walipoamua kesi. Wavuvi walimwomba wapate samaki, wafugaji walimwomba mifugo iongezeke, na wazazi walimwona kama mlezi wa watoto.

Katika utenzi mwingine wa kale, binti wa mungu Demeter, jina lake Persephone, anatekwa na mfalme wa kuzimu. Mama yake anatangatanga siku tisa bila kula. Hecate ndiye aliyesikia kilio cha msichana huyo kutoka pangoni mwake, naye anamwendea mama akiwa na mwenge mkononi amweleze alichosikia. Binti anapopatikana, Hecate anakuwa mwandani wake. Je, huyo ni mchawi au jirani mwema?

Mahali pake palikuwa mlangoni na njia panda. Katika mji wa Athens, watu waliweka sanamu yake ndogo mbele ya nyumba ili azuie mabaya yasiingie. Pausanias, msafiri wa karne ya pili baada ya Kristo, aliandika kuwa mchongaji Alcamenes ndiye wa kwanza kumchonga akiwa na miili mitatu iliyopeana migongo. Kwa umbo hilo angeweza kutazama njia tatu kwa wakati mmoja. Kule Lagina, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alijengewa hekalu kubwa, na katika sherehe zake ufunguo ulibebwa kwa maandamano.

Karamu ya njia panda

Ibada yake iliyojulikana zaidi ilifanyika mwisho wa mwezi, usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Watu walisafisha nyumba, wakachukua chakula na kukiacha njia panda. Aristophanes, mwandishi wa vichekesho, aliwatania katika mchezo wake wa mwaka 388 kabla ya Kristo. Alisema kuwa matajiri walipeleka karamu hiyo kila mwezi, lakini maskini waliinyakua hata kabla haijawekwa chini. Kwa hivyo mungu alipewa heshima, na mwenye njaa akashiba.

Msomaji wa Pwani ataguna kidogo hapa. Hata kwetu njia panda si mahali pa kupita bila kutazama chini, kwani kafara za waganga huachwa papo hapo: nazi iliyovunjwa, yai, kitambaa chekundu. Hakuna haja ya kudhani kwamba Mgiriki alimfunza Mmijikenda au Mmijikenda akamfunza Mgiriki. Mahali njia zinapogawanyika, binadamu wa kila taifa huona kuwa pana jambo la kuamuliwa, na panapo uamuzi pana hofu.

Alivyochafuliwa jina

Hofu hiyo ndiyo iliyombadilisha Hecate. Kwa kuwa alilinda mpaka baina ya ndani na nje, watu walisema alilinda pia mpaka baina ya walio hai na wafu. Mbwa wakibweka usiku bila sababu, walisema ni yeye anayepita na mizimu. Mwaka 431 kabla ya Kristo, mwandishi Euripides alimwonyesha Medea, mke aliyesalitiwa, akiapa kwa jina la Hecate kabla ya kufanya mauaji kwa sumu. Washairi wa Kirumi waliongeza chumvi, na kufikia enzi za Shakespeare yule mlezi wa watoto alikuwa amegeuka malkia wa wachawi.

Zingatia jambo hili, msomaji, kwa kuwa tutalirudia: mwanamke wa mlangoni, mwenye taa, aliyesikia kilio cha jirani, aliishia kuitwa mama wa uovu.

Mzee Gardner na dini mpya

Uchawi wa kisasa ulianzaje? Mwaka 1951, bunge la Uingereza lilifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735. Miaka mitatu baadaye, Gerald Gardner, mzee mstaafu aliyekuwa mkaguzi wa forodha huko Malaya, alichapisha kitabu kiitwacho Witchcraft Today. Alidai kwamba dini ya kale ya wachawi haikufa, na kwamba yeye mwenyewe aliingizwa ndani yake mwaka 1939. Mwanamke aitwaye Doreen Valiente alimsaidia kutunga maneno mengi ya ibada zinazotumika hadi leo.

Dai lake kwamba dini hiyo haikukatika tangu kale lilitegemea nadharia ya msomi Margaret Murray, aliyoichapisha mwaka 1921. Wanahistoria wamechunguza nadharia hiyo na kuikataa. Profesa Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol alionyesha mwaka 1999 kuwa Wicca ni dini iliyozaliwa katika karne ya 20, ikishonwa kwa vitambaa vya kale na vipya. Wafuasi wengi sasa wanakubali hivyo, nao husema dini haipungui thamani kwa kuwa changa.

Wengi wao huabudu mungu wa kike na mungu wa kiume, hukutana mwezi mpevu unapotokea na huadhimisha sikukuu nane kwa mwaka kufuatana na majira. Shetani hawamwabudu, kwa kuwa hawaamini kuwa yupo. Kanuni yao kuu ni kwamba mtu afanye apendavyo maadamu hamdhuru yeyote. Wapo pia wanaoamini kuwa ubaya humrudia aliyeutenda mara tatu.

Walioamua kumheshimu Hecate huweka nyumbani meza ndogo yenye mshumaa, ufunguo na picha yake. Usiku wa mwisho wa mwezi wa angani hufagia nyumba, hulipa madeni madogo na kupatana na waliokosana nao. Kafara za mbwa, ambazo Wagiriki walimtolea, hawazifanyi. Badala yake wapo wanaochangia pesa za kuwatunza mbwa waliotupwa. Wengine, badala ya kuacha chakula barabarani kioze, hukipeleka kwa wasiojiweza. Bila shaka Aristophanes angecheka tena.

Serikali nazo zimewatambua kidogo kidogo. Mwaka 1986 mahakama ya rufani huko Marekani iliamua kuwa Wicca ni dini kama nyingine mbele ya sheria. Mwaka 2007 serikali ya nchi hiyo ilikubali nyota yao ya pembe tano iwekwe kwenye makaburi ya wanajeshi.

Neno moja, maana mbili

Sasa turejee nyumbani. Katika Kiswahili, mchawi ni mtu anayedhuru wenzake kwa siri. Anayetibu ni mganga, anayetazama yajayo ni mpiga ramli, na lugha yetu haiwachanganyi. Basi tukichukua jina ambalo wafuasi wa Gardner wamejipa na kulitafsiri kuwa "mchawi" bila maelezo, tunamhukumu mtu kabla hatujamsikiliza. Vivyo hivyo, kijana wa Nairobi anayetangaza kuwa yeye ni mchawi kwa kuwa ameona wenzake wa London wakifanya hivyo, hajui moto anaouchezea.

Nasema moto kwa maana yake halisi. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa katika eneo la Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Huko Kilifi, wazee wamekuwa wakivamiwa kwa sababu ya mvi zao, na mara nyingi uchunguzi hufichua kuwa chanzo kilikuwa shamba ambalo vijana walitaka kuligawana.

Ulaya nayo ilipitia huko. Kati ya karne ya 15 na ya 18, wanahistoria hukadiria kuwa watu kati ya 40,000 na 60,000 walinyongwa au kuchomwa kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake. Hawakuwa waumini wa Hecate. Walikuwa wajane, wakunga, na majirani waliogombana na watu kuhusu maziwa au mpaka. Kosa lao lilikuwa kuwa mlangoni wakati mtu anatafuta wa kumlaumu.

Sheria ya Uchawi ya Kenya iliyotungwa mwaka 1925, enzi za ukoloni, inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za kichawi ili kuwatisha watu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hiyo pia inafanya kuwa kosa kumshutumu mtu kuwa ni mchawi, isipokuwa ukipeleka malalamiko kwa polisi, chifu au afisa mwingine wa serikali. Kwa hivyo yule anayepiga kelele "Mchawi huyo!" sokoni, huenda yeye ndiye wa kwanza kuvunja sheria.

Mwanao akikuuliza

Ewe mzazi, siku mwanao atakapokuja na habari za Hecate, usikimbilie kumtupia maji ya baraka wala kumnyang'anya simu. Mwulize anachokitafuta. Mara nyingi kijana anayevutiwa na mambo haya anatafuta utulivu kabla ya mtihani, au mahali ambapo sauti yake itasikika. Mweleze imani ya nyumbani kwenu na sababu zake. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, lakini hakimzuii mzazi kuketi na mwanawe wakazungumza.

Nawe mwanafunzi, tahadhari na wauzaji. Yule anayekuahidi kumrejesha mpenzi au kukupa alama ya A kwa malipo ya M-Pesa ni ndugu wa yule aliyebandika karatasi yake kwenye mlingoti wa stima. Hata katika desturi ya Gardner, kumwingiza mtu katika dini hakufanywi kwa malipo. Anayekudai pesa ili akuondolee mkosi, mkosi wako wa kwanza ni yeye.

Na sote, vijana kwa wazee, tumtazame upya yule bibi anayeishi peke yake mwisho wa kichochoro, anayeamka usiku kwa kuwa usingizi wa uzeeni ni mchache, na anayejua kila aliyepita mlangoni pake. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Kabla hujampachika jina ambalo hataweza kulivua, mpelekee chai, ukae naye kidogo. Huenda ndiye pekee aliyesikia mtoto wako akilia siku ile ulipochelewa kurudi kutoka kazini.