Mjerumani Hakukuachia Dhahabu

"Mtaalamu, Mjerumani alifukia wapi?" Swali ni hilohilo, iwe Dutwa au Bariadi mjini huku Simiyu, iwe ndani ya basi la Mwanza abiria wa jirani anapojua kwamba kazi yangu ni majengo ya kale. Tazameni lilivyokaa. Haliulizi kama alifukia. Hilo kwa muulizaji lilishakwisha zamani. Linauliza wapi. Nikijibu kwamba hakufukia, mtu hutabasamu kwa upole wa aliyenyimwa, maana anaamini najua na nimeamua kula peke yangu.

Simlaumu sana mtu wa Dutwa. Anaishi jirani na vilima vya Wamangola na Ngasamo, ambako wageni wenye ramani walikuja kutoboa ardhi na kuondoka na sampuli za miamba. Walitafuta nikeli na waliikuta. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, ukimwambia chini ya kilima hakuna kitu, lazima akuone mwongo. Lakini nikeli ile ilitokana na mwamba kuoza taratibu kwa muda mrefu kuliko historia yote ya binadamu. Haikuzikwa na afisa wa Kaizari usiku wa manane. Wenye kutaka madini wawafuate wanajiolojia. Mimi naulizwa kuhusu maboma, basi nijibu kuhusu maboma.

Tuanze na fedha zenyewe. Koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki lilipoingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani na sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Serikali ilianza kuchapa noti humuhumu nchini, nyingine kwenye karatasi duni kabisa. Mwaka 1916 ikaweka mitambo ya kugonga sarafu katika karakana ya reli karibu na Tabora. Hapo ndipo zilipotoka sarafu za dhahabu za rupia 15, zile zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, kule Iramba. Watu husikia habari hii wakaishia kwenye neno dhahabu. Waendelee kusoma: sarafu hizo ziligongwa kama 16,200 tu, kila moja na uzito wa gramu 7 na ushei, tena robo ya uzito huo si dhahabu. Jumlisha zote, za koloni zima, hazifiki kilo 120. Ndoo moja ya lita 20 ingezimeza zote na nafasi ikabaki. Na hazikugongwa ili zifukiwe. Ziligongwa kwa sababu serikali ilikuwa imeishiwa fedha za kulipia, zikalipwa, zikatawanyika mikononi mwa watu.

Karakana hiyohiyo iligonga pia heler 5 na heler 20 za shaba, nyingine zikiwa za njano kabisa. Hizo ndizo watu wanazoniletea zimefungwa kwenye kitambaa, ndani ya kitambaa kingine, ndani ya mfuko wa shati.

Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ilichukuliwa na jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo. Kamanda wa Wajerumani, Jenerali von Lettow-Vorbeck, akaburuta watu wake kuelekea kusini, na Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia eneo la Wareno. Alifuata nini? Chakula, dawa na risasi. Jeshi lenye hazina halivuki mto kwenda kupora unga. Alisalimu amri Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, na askari wake Waafrika walikuwa wanadai mishahara. Deni hilo lilidumu. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa bado hai, na dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza, hapo mjini kwenu mnapokwenda kununua vipuri. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti, wakapewa ufagio uwe bunduki na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Hebu niambieni: mkoloni aliyeacha mishahara ya askari wake ikidaiwa kwa miaka 46 ndiye huyo aliyeacha masanduku ya dhahabu chini ya kila mbuyu?

"Walificha wakitegemea kurudi." Jibu hili huja kwa kasi, kana kwamba mimi sijawahi kulifikiria. Ni kweli walitegemea kurudi, na walirudi. Waingereza waliwafungulia mlango mwaka 1925, wakaja, wakanunua mashamba, wakaongezeka mpaka Waingereza wenyewe wakaingiwa na wasiwasi. Walikuwa na takriban miaka 14 ya kuchukua chochote walichokiacha kabla ya vita ya pili kuwaondoa tena. Kitu kikubwa tunachokijua kwamba walikificha kweli ni meli. Mwaka 1916 waliizamisha Götzen karibu na Kigoma baada ya kupaka mitambo yake grisi nzito isishike kutu. Hata hiyo Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Kuhusu mali za thamani, Mjerumani alikuwa na desturi nyingine kabisa: alipakia na kusafirisha. Muulize mtu wa Tendaguru, Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbuliwa, ikabebwa na wapagazi mpaka pwani na kupelekwa Berlin. Ipo huko mpaka sasa, imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho.

Baada ya hapo huletwa "alama". Nimeonyeshwa kwenye simu picha nyingi za alama. Nguzo fupi ya saruji juu ya kilima ni bikoni ya wapimaji ardhi. Mshale uliochongwa kwenye jiwe mara nyingi ni alama ya wapimaji hao, tena wa Kiingereza. Safu mbili au nne za vishimo juu ya mwamba ni bao. Watu walikaa hapo wakacheza, ng'ombe wakila. Chumba kidogo kisicho na dirisha ndani ya boma ni stoo ya baruti au mahabusu. Shimo refu lililojengewa mawe ni kisima, tangi la maji ya mvua, au choo. Ndiyo, choo. Katika magofu ya miji ya mawe ya pwani, nyumba za wenye uwezo zilikuwa na vyoo vya ndani vyenye mashimo marefu, na mashimo ya namna hiyo huwavutia sana wawinda hazina. Mtu anakesha anachimba, kamchinjia mbuzi mweusi jini wa mahali hapo, kumbe anafukua msala wa tajiri wa karne ya 15.

Wanaotajirika wapo, na wala hawashiki sururu. Yuko anayekodisha mashine ya kupimia, ambayo hulia kwenye kila msumari na kizibo cha soda. Yuko mganga wa kafara, ambaye hazina ikikosekana husema mmoja wenu alikuja na nia mbaya. Yuko mwenye "rupia inayovuta mchele". Hapa uvumilivu wangu huisha. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha. Fedha haivuti mchele, dhahabu haivuti mchele, sumaku yenyewe haivuti mchele. Unachokiona ni mchezo wa mikono, na mnunuzi wa Uarabuni anayesubiri hotelini na mabilioni hayupo. Aliyepo ni yule anayekudai hela ya "kufungulia mzigo". Zebaki nyekundu ni vivyo hivyo. Zebaki tunayoijua, ile inayowaumiza wachimbaji wadogo, ni majimaji ya rangi ya fedha. Nyekundu hii yenye nguvu za ajabu haijawahi kuonekana popote, lakini mwaka 2009 uvumi kwamba imo ndani ya vyerehani vikuukuu vya Singer ulivifanya vigombewe kwa bei za wendawazimu huko Saudia. Ujinga huu hauna kabila.

Wala Wazungu hawajaupona. Kusini mwa Ufaransa, nchi ambayo watalii huijaza kwa ajili ya ngome na vijiji vya enzi za kati, kuna kijiji cha kilimani kiitwacho Rennes-le-Château. Padri wake, Bérenger Saunière, alijenga na kukarabati kuliko kipato chake kilivyoonekana kuruhusu. Mahakama ya kanisa ilimshtaki kwamba alikuwa akipokea fedha za misa nyingi kuliko ambazo angeweza kuzisoma. Maelezo hayo hayakuwa matamu. Miaka ya 1950 mwenye hoteli kijijini akaeneza habari ya hazina, wageni wakamiminika, baadhi na majembe, wengine na baruti. Mwaka 1965 kijiji kikapiga marufuku uchimbaji. Kanisa lipo, mnara upo, hazina haipo, na hoteli ilipata wateja.

Sasa hasara. Udongo chini ya gofu umelala kwa tabaka, la zamani chini, la karibuni juu. Tabaka hizo ndizo hutuambia ukuta ni wa lini na nani alikula nini kwenye sahani ya wapi. Kilwa Kisiwani, mji uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, wachimbaji wa kitaalamu walikuta sarafu za shaba kwa wingi na vigae vya vyombo kutoka Uchina, na kwa hivyo tu historia ya karne kadhaa ikapangika. Ukipiga shimo la usiku mmoja umechanganya yote, na hakuna fundi wa kuyapanga tena. Ukuta nao unabaki ukining'inia, masika moja unalala. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba kutafuta vitu hivi bila leseni. Na kama kuna rupia chini ya ardhi ya Simiyu, nyingi ni za bibi na babu zenu, walioziweka kwenye chungu ili wapate rupia 3 za kodi ya nyumba.

Wanaotaka kutembea na kuona, bila sururu, haya hapa. Karibu kuliko yote ni Bujora, pale Kisesa kabla hujaingia Mwanza: ngoma za watemi, viti vyao, na historia ambayo Dutwa nayo imo. Mwanza penyewe panda kilimani kuiona nyumba ya Gunzert, mkuu wa mwisho wa wilaya wa Kijerumani. Boma la Ikoma, pita Lamadi, Bunda na Nata. Ulizia njia kabla mvua hazijaanza, na usipande juu ya kuta. Tabora ina boma na tembe la Livingstone la Kwihara, siku moja inatosha. Ukiwa na nauli ya mbali, nenda Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa, uone palipokuwa na ngome ya Mkwawa iliyovunjwa Oktoba 1894. Kilwa chukua kibali Kilwa Masoko, panda mashua asubuhi, tembea na mwongozaji, na Husuni Kubwa usiikimbie. Ina vyumba zaidi ya mia na birika lenye pembe nane. Kama ni chaguo moja tu maishani, hiyo.

Na wewe mwenye sarafu ya njano kwenye kitambaa: tafuta herufi DOA, mwaka 1916 na herufi T. Ukiziona, na juu pameandikwa 20 au 5 Heller, ni shaba ya Tabora. Ipige picha, andika ulipoiokota na ilikuwa kina gani, umwone afisa utamaduni wa halmashauri. Usiisugue kwa majivu.