Taa ya Breki Isiyozimika

Gari dogo la abiria lishukalo kutoka Tukuyu hadi Katumba Songwe huteremka zaidi ya mita 900. Katika magari mengi ya zamani yenye breki zizuiazo magurudumu kukwama, kando ya gurudumu pana sumaku iliyozungushiwa waya, ikielekea pete yenye meno. Meno yapitapo, mapigo ya umeme huzalika; wingi wake huonyesha mwendo wa gurudumu. Tope likijaa hapo, au unga wa chuma unaovutwa na sumaku yenyewe, mapigo huvurugika na taa ya manjano huwaka. Fundi husafisha kwanza, kisha hupima iwapo waya umekatika. Kung'oa taa, kama wafanyavyo baadhi ya watu, si matengenezo. Breki za kawaida kwa kawaida hubaki, ila gurudumu laweza kukwama na gari kuteleza. Taa nyekundu nayo ikiwaka, gari lisiondoke: huenda mafuta ya breki yamepungua.