Nyenzo Mseto Zinazoyeyuka Mwilini katika Tiba ya Mivunjiko ya Mifupa: Mtazamo kutoka Kimisagara, Kigali

Kimisagara ni sekta ya Wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali. Nyumba zake zimebanana mlimani, juu ya bonde la Nyabugogo lenye kituo kikuu cha mabasi, na wakazi husafiri zaidi kwa miguu na kwa pikipiki za abiria. Avunjikapo mfupa, mkazi huanzia kituo cha afya, kisha hupewa rufaa kwenda hospitali. Akiwa mwanachama wa bima ya afya ya jamii, yaani mituweli, hulipa asilimia 10 ya gharama za hospitali. Kipandikizi cha chuma kinachohitaji kutolewa humrudisha katika chumba cha upasuaji mara ya pili, na kumtoza tena mchango huo, nauli na siku za kazi. Hapo ndipo hoja ya nyenzo zinazoyeyuka mwilini inapoanzia. Makala hii inaeleza utendaji wa nyenzo hizo na kubainisha kwamba manufaa yake nchini Rwanda yatategemea aina ya mvunjiko na mazingira ya hifadhi kuliko ubora wa kemia yake.

Msingi wa nyenzo hizi ni polima kama vile poliasidi ya laktiki na poliasidi ya glikoliki. Maji ya mwilini hupenya ndani ya polima na kukata minyororo yake kidogokidogo. Asidi inayotokea hubadilishwa na mwili kuwa maji na kaboni dayoksaidi. Tatizo ni mwendo wa saa mbili zisizolingana: mfupa unapata nguvu, kipandikizi kinapoteza. Muundi wa mtu mzima huhitaji takribani miezi 3 hadi 6 kuunga. Poliasidi ya glikoliki huishiwa nguvu katika wiki chache tu, ilhali aina ngumu ya poliasidi ya laktiki huweza kukaa mwilini kwa miaka.

Mnamo 1984, madaktari wa Helsinki, Ufini, walianza kufunga mivunjiko ya kifundo cha mguu kwa vijiti vya polima vilivyoimarishwa kwa nyuzi. Mifupa iliunga, lakini baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe na kutokwa majimaji yasiyo na bakteria wiki kadhaa baadaye, polima ilipokuwa ikivunjika. Huo ni mmojawapo wa msukumo wa kuchanganya polima na madini ya jamii ya mfupa wenyewe, hasa haidroksiapataiti na trikalsiamu fosfati. Madini hayo hupunguza ukali wa asidi, huipa seli za mfupa mahali pa kushika, na huongeza ukakamavu. Hata hivyo, poliasidi ya laktiki ina ukakamavu wa gigapaskali 3 hadi 4, mfupa mgumu 10 hadi 20, na chuma cha pua karibu 200. Chuma hubeba mzigo kupita kiasi hata mfupa ulio chini yake ukadhoofika. Polima nayo hubeba kidogo mno.

Kwa sababu hiyo, dereva wa pikipiki aliyevunjika muundi hapaswi kuahidiwa kipandikizi cha kuyeyuka. Anafaa zaidi msumari wa chuma wa ndani ya mfupa, kama ule wa SIGN unaotumika pia katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambao hufungwa bila kuhitaji mashine ya eksirei ya papo kwa papo. Kwa watu wazima wengi, chuma hicho hubaki mwilini bila madhara. Nyenzo mseto zinafaa mifupa midogo ya mkono, vifundo, vipande vya gegedu na mfupa, na zaidi watoto, ambao vyuma vyao kwa kawaida hutolewa kwa kuwa mifupa ingali inakua.

Lipo jambo lisilopewa uzito unaostahili katika maandishi ya maabara. Poliasidi ya laktiki hulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, nao mtambo wa mvuke wa hospitali hutakasa kwa nyuzijoto 121 au 134. Skrubu za chuma hupangwa kwenye sinia kwa saizi zote. Zisizotumika hutakaswa na kurudishwa rafuni. Skrubu ya polima huja imetakaswa kiwandani kwa mionzi au gesi, na pakiti ikifunguliwa ni kuitumia au kuitupa. Isitoshe, unyevu ukipenya kifungashio, saa ya kuyeyuka huanza kwenda ghalani, mgonjwa bado hajafika. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoundwa 2018, ingefaa kudai ushahidi wa uimara wa bidhaa baada ya kuhifadhiwa katika ghala la kawaida la hospitali, mbali na cheti cha kiwandani.

Suala la bei nalo lina utata wake. Hospitali ndiyo inunuayo skrubu iliyo ghali. Upasuaji wa pili unaoepukwa huziokolea fedha mituweli na familia. Zabuni inayolinganisha bei ya skrubu kwa skrubu itachagua chuma daima. Kwa wagonjwa watoto, ulinganisho huo unapaswa kujumuisha gharama ya kukitoa.