Ndai ni ya Mzae, Usukani ni Wako: Bima ni ya Nani?

Mzae akikununulia ndai, mtaa mzima unajua kabla jua lishuke. Mbogi inakam, picha zinapigwa, mtu ashakaa nyuma anataka mwende Thika Road mkajaribu injini. Inaeza kuwa Vitz, Demio ama Note, haina neno. Nyuma ya hiyo kadinga kuna loni ya sako, kuna ploti iliuzwa ocha, kuna mathe amechanga chama miaka na miaka. Ju ya hiyo jasho, wasee, tubonge kuhusu bima. Na tusianze na bei, tuanze na jina.

Venye huwa inaenda ni hivi. Mzae analipa yadi, anapeana KRA PIN yake, logibuku inatoka na jina lake. Anapigia ajenti wake wa kitambo, bima inatoka pia kwa jina lake, matumizi binafsi. Jioni ufunguo uko kwa mfuko wako na mzae amepanda gari ya kurudi Nyeri. Kwa makaratasi, dinga ni ya mzee wa miaka 58 ambaye ameendesha maisha yake yote. Kwa barabara, ni yako wewe wa miaka 22 na leseni ya juzi.

Mzae kuchukua bima ya gari iliyo kwa jina lake haina makosa yoyote. Na bima nyingi za gari ya kibinafsi Kenya humkubali dereva yeyote aliyeruhusiwa na mwenye gari, bora awe na leseni halali. Noma inaingilia kwa ile fomu ya kwanza. Inauliza nani ataendesha gari mara nyingi, ako na miaka ngapi, amepata leseni lini, gari inalala wapi, inafanya kazi gani. Mara nyingi ajenti ndo hujaza, mzae anaweka sahihi bila kusoma, chai bado iko moto mezani. Sheria ya bima imesimama kwa ukweli: ukificha kitu ambacho kingebadilisha bei ama uamuzi wa kampuni, umewapea sababu ya kukataa kulipa.

Siku ya ajali kuna fomu ingine. Hiyo sasa inataka jina la dereva, umri, namba ya leseni na safari ilikuwa ya kwenda wapi, na inaenda pamoja na abstrakti ya polisi. Msee wa kampuni anaweka hizo fomu mbili kando kwa kando. Ya kwanza inasema dereva ni mzae na gari inalala Nyeri. Ya pili inasema dereva ni wewe, saa saba usiku, Roysambu, na gari inalala hapo tangu Januari. Hapo hata uwe unabonga poa aje, hizo karatasi zishabonga kukushinda.

So mwambieni ajenti ukweli mapema. Ndio, itawacost. Kwa komprehensivu, kampuni nyingi huongeza eksesi ya dereva mchanga ama mwenye leseni mpya, yaani ile pesa unatoa mfukoni kabla wao walipe yao. Ulizeni ni ngapi, na muione ikiwa imeandikwa. Kulipa hiyo ngiri kadhaa siku ya ajali ni afadhali mbali sana kuliko kuambiwa kleimu yote imekufa.

Wengine huchukua njia ya kinyume: logibuku inabaki kwa mzae, mtoto anaenda kutoa bima kwa jina lake. Hapa pia kuna shimo. Bima inataka mtu ambaye gari ikiharibika ama ikiibiwa, yeye kisheria ndo amepoteza. Kama hakuna karatasi inaonyesha dinga ni yako, kampuni inaeza kuuliza wewe umepoteza nini. Na gari ikiandikwa imeisha kabisa, huwa wanataka logibuku na sahihi ya mwenye jina kabla watoe doo. Fikiria kama huyo mwenye jina ameshaaga dunia. Hapo unangoja mambo ya urithi kortini, na wajomba wako kwa foleni.

Kitu kinaniuma zaidi ni venye mzae mwenyewe ako kwa hatari na hajui. Sheria ya trafiki ya Kenya, kifungu cha 8, inasema mtu mwenye jina kwa usajili anachukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Ukigonga mtu usiku Waiyaki Way, wakili wa huyo mtu ataanza na jina liko kwa rekodi za NTSA. Ile bima ya lazima, thadi pati, iko chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na kwa majeraha ama kifo sheria inalazimisha kampuni ilipe mpaka shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja anayedai. Korti ikiamua zaidi ya hapo, hiyo inazidi inaeza kutafutwa kwa mwenye gari. Huyo ni mzae, ambaye hiyo usiku alikuwa amelala ocha.

Kama kweli gari ni zawadi, basi ihamishwe. Mzae anaanzisha transfa kwa akaunti yake ya eCitizen, wewe unaikubali kwa yako, ada inalipwa. Na sheria inataka usajili ubadilike ndani ya siku 14 tangu gari ibadilishe mwenyewe. Halafu bima inatolewa upya kwa jina lako, na cheti cha dijitali kinaingia kwa simu yako. Karao akikusimamisha, jina kwa cheti, jina kwa logibuku na sura nyuma ya usukani vinaambatana.

Najua kwa nini wengi hawaitishi transfa. Ukimwambia mzae “weka gari kwa jina langu,” inaskika kama unataka kurithi mtu akiwa hai. Weka Sheng kando siku hiyo, ongea na yeye kwa heshima: “Dadi, nashukuru sana kwa gari. Naomba tupange makaratasi vizuri, sitaki nikikosea barabarani wewe ndiye uitwe kortini.” Sijaona mzazi atakasirikia hiyo. Na akisema bado anataka ibaki kwa jina lake, ni haki yake. Basi bima ibaki kwake na wewe uandikwe waziwazi kama dereva.

Bei nayo haina siri. Tuseme dinga imethaminiwa 800,000 na kampuni imewapea 4% ya komprehensivu. Hiyo ni 32,000, ongeza tozo mbili za 0.25% na 0.2% juu ya hiyo premiamu, na stempu ya 40. Jumla 32,184. Ukiskia namba imeruka kutoka hapo, uliza imeruka na nini. Wengine watakubali ulipe pole pole. Kama Vitz yenyewe ni ya zamani na haifiki hata 400,000, mi naona thadi pati inatosha, bora ile pesa imebaki uiweke kando ya kurekebisha gari.

Na tafadhali, kama umesota na unawaza kuweka hiyo ndai kwa Bolt ama Uber wikendi, simama kwanza. Bima ya matumizi binafsi haibebi abiria wa kulipa. Ukipata ajali na kastoma ndani, uko solo, na mzae ako solo na wewe. Kuna bima ya teksi za mtandao; ni ghali kiasi, lakini ndo hiyo.

Leo jioni fungua logibuku, fungua cheti cha bima, soma majina. Kama hayaendani na maisha yako, pigia mzae kabla uwashe gari kesho.