Wakatoliki wa Nyanza ya Kusini na Itikadi Wanazosingiziwa

Katika nchi iliyo baina ya Kendu Bay na Isebania, yaani kaunti za Homa Bay na Migori ambazo zamani zilihesabiwa pamoja kuwa Nyanza ya Kusini, si rahisi kuona ukoo mkubwa ambao watu wake wote ni wa dhehebu moja. Aghalabu baba ni Msabato, mama ni Mkatoliki, shangazi ni wa Legio Maria, na kijana aliyerudi kutoka Nairobi amekwisha kuokoka kwa Wapentekoste; nao hula pamoja, hulima pamoja, na msiba ukiingia huzikana pamoja. Walakini ujirani huo wa miaka mingi haukuzaa ujuzi. Katika kazi yangu ya kufundisha elimu ya dini nimeona kwamba hakuna dhehebu linalotajwa sana na kufahamika kidogo kama la Kikatoliki: husemwa kwamba Wakatoliki humwabudu Bikira Maria, kwamba husujudia sanamu, kwamba Papa wao hujidai hawezi kutenda dhambi, kwamba msamaha hununuliwa kwa padre, na kwamba taji la Papa limeandikwa hesabu ya yule mnyama wa Ufunuo. Sikukusudia kumvuta mtu aingie katika dhehebu hilo, wala kumtoa katika lake. Nimekusudia kueleza tuhuma hizo zilikotoka, maana mtu ana haki ya kuikataa itikadi ya jirani yake, ila hana haki ya kumtungia itikadi kisha akamlaumu kwayo.

Liko jambo moja linalowachanganya hata watu waliosoma. Msafiri ashukaye katika steji ya Migori huenda akawaona wanaume na wanawake waliovaa kanzu nyeupe, za buluu au nyekundu, vitambaa vimefungwa vichwani, na rozari kubwa zimening'inia shingoni hata kifuani, naye kwa kuiona rozari atasema, "Hawa ndio Wakatoliki." Sivyo. Hao ni waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa Wajaluo, likiongozwa na Simeo Ondeto pamoja na Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyekuwa amefiwa na watoto wawili kwa siku moja. Kanisa hilo lina Papa wake, makadinali wake, maaskofu wake na mapadre wake, na mahali pake patakatifu ni Got Kwer, kilima kilichomo katika Kaunti ya Migori, ambako Ondeto alizikwa baada ya kufariki mwaka 1991 na ambako mahujaji humiminika, kwa kuwa wafuasi wake humtambua kuwa ndiye Masihi aliyewajia watu weusi. Hiyo ni imani yao, nao wanayo haki ya kuishika pasipo kudhihakiwa na mtu. Lakini si imani ya Roma, wala si mafundisho ya Jimbo Katoliki la Homa Bay, ambalo lilimegwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka 1993 na ndilo linalozisimamia kaunti hizi mbili.

Utata huo unazidishwa na jina, kwa sababu ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe liko shirika la walei liitwalo Lejio ya Maria, lililoanzishwa Dublin na Frank Duff mwaka 1921, likaletwa huku kwetu na Edel Quinn, binti wa Ireland aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1936 hali anaugua kifua kikuu, akasafiri na kuanzisha vikundi bila ya kupumzika mpaka mauti yakamkuta Nairobi mwaka 1944. Vikundi hivyo vya sala ndivyo vilivyowalea baadhi ya watu ambao baadaye waliondoka pamoja na Ondeto. Na liko la ajabu zaidi, ambalo sijaliona likitiliwa maanani inavyostahili: mwezi wa Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa kuadhimisha Misa kwa lugha za wenyeji, katika miaka ileile ambayo Legio Maria lilikuwa linajitenga na kuchukua Kilatini kama sehemu ya urithi wake. Kwa hiyo mtu asikiaye Kilatini kikiimbwa leo kijijini Migori, yamkini anawasikia Legio Maria, ilhali katika parokia ya Kikatoliki Misa inasomwa kwa Kijaluo, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Aliyechora sura ya Ukatoliki kwa rozari ya kifuani, kanzu ya rangi na Kilatini, amechora kanisa jingine.

Shaka juu ya Wakatoliki, hata hivyo, ni kongwe kuliko Legio Maria, na historia yake yaanzia ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Huko Buganda, waumini waliofundishwa na mapadre waliotoka Ufaransa waliitwa Wafaransa, na waliofundishwa na wamisionari wa Kianglikana waliitwa Waingereza, mpaka dini ikawa kama bendera ya dola. Na mwezi wa Januari 1892 makundi hayo mawili yakapigana Mengo, Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza, akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake za Maxim, na Wakatoliki wakashindwa. Roma ikaona kwamba maadamu watu wanadhani kuwa Mkatoliki ni sawa na kuwa mtumishi wa Ufaransa, vita havitakwisha. Mwaka 1894 ikatenga eneo jipya la kimisionari, likiitwa Nile ya Juu, ikawakabidhi Wamisionari wa Mill Hill, shirika lililokuwa na makao yake London, ili wenyeji waone kwa macho yao kwamba Mwingereza naye aweza kuwa Mkatoliki. Mapadre hao wa Mill Hill ndio waliofika Kisumu mwaka 1903, na ndio waliouleta Ukatoliki Asumbi na sehemu nyingine za Nyanza ya Kusini. Basi imani hii ilipandwa huku na watu ambao waliletwa hasa kwa ajili ya kuondoa dhana potofu, nayo dhana haikuondoka, ila ilibadili mavazi.

Wasabato nao walitia nanga Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen akiwa pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland. Kila misheni ikawa na shule zake na makatekista au wainjilisti wake, na mtoto akafundishwa makosa ya misheni ya pili mapema kuliko alivyofundishwa wema wake.

Katika urithi huo hakuna hoja inayopendwa kama ile ya 666, nami nitaieleza hatua kwa hatua, maana ina sura ya elimu na kwa hiyo huwateka hata walimu. Mhubiri huandika ubaoni maneno ya Kilatini *Vicarius Filii Dei*, yenye maana ya Wakili wa Mwana wa Mungu, akisema kwamba ndiyo yaliyo katika taji la Papa. Kisha huzitoa herufi zenye thamani ya tarakimu za Kirumi. Neno la kwanza, U ikihesabiwa kama V, lina V, I, C, I na V, jumla 112. La pili lina I, L, I na I, jumla 53. La tatu lina D na I, jumla 501. Ukiyajumlisha yote unapata 666, na mkutano mzima hushusha pumzi. Hesabu ni sahihi. Kilichokosekana ni ukweli wa maneno yenyewe. Cheo cha Papa ni *Vicarius Christi*, Wakili wa Kristo, ambacho ukikihesabu kwa kanuni ileile unapata 214. Maneno yale mengine asili yake ni hati iliyodaiwa kuandikwa na Kaisari Konstantino, nayo ni hati ya kughushi ya karne ya 8, ambayo mwanachuoni Lorenzo Valla, Mkatoliki, aliifichua mwaka 1440. Katika mataji yaliyohifadhiwa hakuna lenye maandishi hayo, na Papa Paulo wa Sita alilivua taji mwaka 1964, wala tangu mwaka 1978 hakuna Papa aliyetawazwa kwalo. Zaidi ya hayo, lichukue jina la Ellen Gould White, mama mheshimiwa aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ulihesabu kwa namna hiyohiyo, W ikiwa V mbili: 100, na 555, na 11, jumla yake ni 666. Simtaji kwa kumkosea heshima, bali kuonyesha kwamba kipimo kimpatacho kila mtu na hatia hakifai kumpima yeyote, na wako wanazuoni wa Kiadventista ambao wamekwisha kuiacha hoja hii kwa insafu.

Katika suala la Bikira Maria na watakatifu, mafundisho ya Wakatoliki yamekuwa wazi tangu Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, uliobainisha kwamba ibada ni ya Mungu peke yake, na kwamba taadhima inayotolewa mbele ya picha humwelekea yule aliyechorwa, wala si mti au rangi. Mwenye kutaka ushahidi asikilize litania inaposaliwa katika jumuiya ndogo ndogo: anapotajwa Mungu, watu huomba rehema, anapotajwa Maria au mtakatifu, watu huomba awaombee tu, yaani hutaka shufaa yake. Hapa ndipo penye ikhtilafu ya kweli, kwa sababu Msabato huamini kwamba wafu wamelala, hawajui neno mpaka siku ya kufufuliwa, na kwake kumwomba marehemu akuombee ni kazi bure. Hiyo ni hoja ya kujibizana kwa Maandiko kutwa nzima. Kusema kwamba jirani anaabudu sanamu si hoja, ni tusi.

Kutokosea kwa Papa hakumaanishi kwamba hatendi dhambi, kwani yeye naye huungama kwa padre. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulilihusisha jambo hilo na matamko rasmi ya imani na maadili peke yake, na tamko la wazi la namna hiyo tangu wakati huo ni lile la mwaka 1950 juu ya Maria kupalizwa mbinguni. Biashara ya rehema, yaani ya kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, ilikuwapo kweli, ndiyo iliyomchochea Luther mwaka 1517, na Papa Pius wa Tano aliifuta mwaka 1567. Kitubio hakina malipo. Bahasha ambayo jirani huiona ikipelekwa parokiani kwa ajili ya Misa ya marehemu ni sadaka, naye asiye na kitu husomewa Misa vilevile.

Lawama nyingine ni ya Wakatoliki wenyewe, nami sitaificha. Wengi wao walikariri majibu ya katekisimu ili wabatizwe, na wakiulizwa na jirani kwa nini hushika rozari hujibu kwamba ndivyo walivyowakuta wazazi wao; na jibu la namna hiyo humthibitishia mwulizaji shaka yake. Tena haifai kushangaa kwamba Msabato huliangalia kwa wasiwasi dhehebu jingine, ikiwa mwanawe amewahi kulazimishwa kuhudhuria ibada isiyo yake au masomo ya Jumamosi shuleni. Ilibidi Mahakama ya Rufaa mwaka 2017 itamke kwamba wanafunzi wa dhehebu hilo wapewe nafasi ya kuishika Sabato yao. Imani huharibiwa na dhuluma upesi kuliko inavyoharibiwa na hoja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, inasomeka kwa Kiswahili, na parokia kutoka Mbita hadi Rongo zina makatekista. Basi nawasihi wahubiri wa madhehebu yote wanaopewa kipaza sauti katika matanga ya nchi hii, mbele ya wafiwa ambao nusu yao ni wa dini nyingine: kabla ya kutamka waaminiyo wenzenu, kwanza mwendeeni mmoja wao mkamwulize.