Geji 30 ni unene gani?

Ulizia bei ya bati kwenye duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga mjini, nawe utarudishiwa swali: geji ngapi? Kila fundi anajua kwamba namba ikipanda, bati linapungua unene, na bei nayo inashuka. Lakini geji yenyewe haipimi kitu. Ni nafasi ya bati kwenye orodha, na orodha ziko nyingi.

Hesabu hii ya kinyumenyume ilitoka kwa wavuta waya. Waya ulipitishwa kwenye tundu, kisha kwenye tundu dogo zaidi, na kila mvuto ukapewa namba. Uliovutwa mara nyingi ndio mwembamba. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na orodha zilizogongana, hadi mwaka 1884 ilipoanza kutumika moja ya kisheria. Marekani ikatunga yake ya mabati ya chuma mwaka 1893, ikianzia kwenye uzito wa futi moja ya mraba. Alumini ikafuata orodha nyingine kabisa.

Ndiyo maana huko Marekani geji 16 ni milimita 1.52 kwa chuma cha kawaida, 1.61 kwa chuma chenye zinki, na 1.29 tu kwa alumini. Geji 30 yetu ya mapaa? Kwa orodha ya Uingereza ya 1884 ni milimita 0.315, kwa orodha ya Marekani ya bati la zinki ni 0.40. Muuzaji anaweza kutamka namba hiyohiyo bila kusema uongo, na wewe ukapata bati jingine.

Hapa juu Ufipa, kwenye upepo wa kiangazi, tofauti hiyo si ndogo. Bati bapa likiongezwa unene mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara nane. Bati la migongo halifuati hesabu hiyo, kwa sababu nguvu yake kubwa iko kwenye kimo cha migongo, na ndiyo maana hata jembamba huonekana imara likilala juu ya papi. Udhaifu wake uko kwenye msumari. Upepo ukiinua paa, mzigo wote hujikusanya kuzunguka kofia ya msumari. Bati jembamba huchanika hapo, msumari ukabaki kwenye mti.

Rangi nayo huficha mengi, kwani wengine hupima unene pamoja nayo. Maikromita haitakusaidia sana hapo, na ni wangapi wanayo? Mizani, hata hivyo, haikosekani katika mkoa wa mahindi. Pima uzito wa bati kwa kilo. Pima urefu, kisha upana kwa kulaza tepu ifuate kila mgongo na kila bonde, vyote kwa mita. Zidisha urefu kwa upana, zidisha tena kwa 7.85, halafu gawa uzito kwa jibu hilo: unapata milimita. Bati la mita 3 lenye upana wa mita 0.9 kwa kipimo hicho, likiwa na unene wa 0.315, lifike karibu kilo 6.7. Likisoma kilo 5.3, umeshika 0.25. Rangi ni nyepesi mno kuliko chuma, kwa hiyo haiwezi kuziba pengo hilo.

Kwa bati la alumini, weka 2.7 mahali pa 7.85.