Trekta linanguruma, shamba halilimwi

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya wiki hii naomba tuiache siasa kidogo, twende shambani. Usiseme hayo ni mambo ya watu wa vijijini. Wengi wenu mlioko Mwanza, Musoma ama Dar es Salaam mna trekta huko nyumbani, la kwenu wenyewe au la ukoo, na habari zake mnaletewa kwa simu na mpwa au dereva. Habari mbaya kuliko zote huja mvua zikiwa zimekwisha kuanza: "Mzee, klachi imekufa. Tuma hela."

Masika fulani nilikuwa safarini kutoka Tarime kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Njiani nikakuta Massey Ferguson la zamani limesimama katika shamba la udongo mweusi wa mbuga, jembe la sahani tatu bado limezama ardhini. Chini ya mti walikaa wakulima saba waliokwisha kulipia ekari zao, wanamtazama dereva bila kusema neno. Walikuwa na haki ya kununa mara mbili, kwa maana klachi hiyohiyo ilikuwa imebadilishwa wiki tatu tu zilizopita. Aliyeifunga aliweka pleti mpya, akapokea ujira wake, akaondoka. Hakujiuliza mafuta yaliyoilowesha ile pleti ya kwanza yalitoka wapi.

Tuanze na kazi yenyewe ya klachi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, mafundi huliita flaiwili. Pleti ya klachi, yenye bitana ngumu pande zote mbili, hubanwa kwenye flaiwili hiyo na presha pleti kwa nguvu ya springi. Ikibanwa sawasawa, nguvu ya injini hupita kwenda kwenye giaboksi na magurudumu. Ukikanyaga pedeli, beringi husukumwa mbele, ikasukuma vidole vya presha pleti, pleti ikaachiwa. Kwa hiyo klachi ina namna mbili kubwa za kukukosea: kushindwa kubana na kushindwa kuachia. Fundi asiyekwambia ni ipi kati ya hizo usimpe hela bado.

Klachi isiyobana huteleza. Injini inapiga kelele, trekta halisogei, na ikizidi utasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kuipima si kazi kubwa. Mahali tambarare, watu wakiwa mbali, funga breki, weka gia kubwa, injini ikienda polepole, kisha achia pedeli taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Kama injini inaendelea kunguruma huku trekta limesimama, pleti inateleza. Fanya hivyo mara moja tu, maana kurudiarudia ndiko kuimaliza kabisa.

Hapo wengi hukimbilia kununua pleti. Ngoja kwanza. Zima injini, ubonyeze pedeli kwa mkono. Inatakiwa ishuke kidogo kwa ulaini kabla hujahisi uzito wa springi, na ulaini huo ndio mafundi huuita mchezo wa pedeli. Kwa matrekta mengi ya kawaida ni kiasi cha inchi moja hivi, ingawa kipimo halisi kimo katika kitabu cha trekta lenyewe. Watu hudhani pleti ikilika mchezo huongezeka. Ni kinyume. Pleti ikipungua unene, presha pleti husogea mbele na vidole vyake hurudi nyuma kuifuata beringi, mpaka mchezo unakwisha. Tangu siku hiyo klachi ni kama inakanyagwa saa zote, hata dereva akiwa amekunja miguu. Spana na nati za fimbo ya pedeli zingeyamaliza hayo kwa dakika chache, bitana ikiwa bado ipo. Nimesikia mzee mmoja fundi, upande wa Sirari, akimuuliza dereva kijana swali hilo tu: "Mura, hiyo fimbo uliipima lini?" Kijana hakuwa na jibu.

Mchezo ukiwa sawa na bado inateleza, inama uchunguze chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapoungana na giaboksi. Matrekta mengi, hasa haya ya ukoo wa Ferguson, yana tundu dogo pale chini, na ndani yake unaning'inia msumari uliopasuka katikati, ule wa kukunja ncha. Utaona mtu ameung'oa akidhani umesahauliwa na mtu. Haukusahauliwa: hutikisika trekta linapokwenda, na kwa kutikisika huko huzuia matope yasizibe tundu. Tundu likizibwa, mafuta yanayovuja hayana pa kutokea, hivyo huishia kwenye pleti. Likiwa wazi, hukupa habari. Mafuta meusi na mepesi yametoka injini, maana yake sili ya nyuma ya krenkshafti imechoka. Yakiwa mazito na rangi yake bado safi, yametoka giaboksi. Pleti iliyokunywa mafuta huteleza au hutetemesha trekta kila linapoondoka. Kufunga nyingine bila kubadilisha sili ni kuwalipa fundi na muuza spea kwa kazi hiyohiyo mara mbili, na ndiko walikofikishwa wale wakulima saba.

Sasa namna ya pili, klachi isiyoachia. Gia zinasaga meno wakati wa kuingia, au trekta linajivuta mbele pedeli ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Huenda mchezo umezidi, vidole vya presha pleti havilingani, au pleti imepinda. Na kuna moja inayotokea sana kwetu: trekta lililimaliza msimu likaegeshwa nje, likanyeshewa miezi, pleti ikashikana na flaiwili kwa kutu. Hiyo mara nyingi si ya kufungua. Injini ipate moto kwanza, kisha katika uwanja mpana usio na watu wala ukuta mbele, dereva aendeshe kwa gia kubwa, akanyage klachi mpaka chini na kugusa breki kwa vipindi. Mara nyingi huachia. Safari ijayo, kabla ya kuliegesha, pedeli ishushwe na kuzuiliwa kwa kipande cha mti.

Kelele nazo zina lugha yake. Ikilia unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Ikilia pedeli ikiwa juu na kunyamaza ukikanyaga, tazama beringi za giaboksi.

Jambo jingine: matrekta mengi yana klachi mbili katika pedeli moja. Nusu ya kwanza husimamisha magurudumu, nusu ya pili husimamisha mhimili wa nyuma unaozungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Dereva asiyelijua hilo hukanyaga nusu, akalazimisha mhimili kuingia, kisha akalaumu klachi.

Na tuseme ukweli kuhusu madereva, ingawa wao si wakorofi. Analipwa kwa ekari, tajiri yuko mjini, udongo wa mbuga umelowa. Badala ya kuinua jembe kidogo au kushusha gia, anaiachia klachi nusu ili trekta lijinyanyue. Mguu haubanduki kwenye pedeli kutwa nzima. Ungelipwa hivyo, nawe ungefanya hivyo. Mimi ningemlipa kwa siku msimu mmoja, nione.

Ikibidi kufungua, trekta hugawanywa katikati, injini huku, giaboksi kule. Hapo sitaki mzaha. Nimeona ikifanywa chini ya mwembe, jeki moja na magogo. Chuma kile kikiteleza hakimpi mtu nafasi ya kuruka. Pawe na vishikio imara pande zote mbili, vizuizi kwenye magurudumu, na ardhi ngumu. Vumbi lililomo ndani lisipulizwe kwa pampu, kwa maana bitana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu; lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Na kwa kuwa kazi kubwa ni kugawanya na kuunganisha, badilisha pamoja pleti, beringi na sili, ukague presha pleti na uso wa flaiwili. Ukituma hela, omba urudishiwe vitu vya zamani uvione. Ribiti zilizokwaruza chuma, au bitana iliyolowa mafuta, zitakuambia kama ulidanganywa.

Trekta lile la njia ya Mugumu lilipata sili yake baada ya siku kumi na moja. Wanne kati ya wale saba walikuwa wamekwisha kukodi maksai wa majirani na kupanda. Watatu walisubiri trekta.